Mafuta ya Shahidi

1

Shahidi alitaja jina la mtu wakati ndani ya chemba yake hakukuwa na pumzi ya mtu yeyote.

Subilaga Mwakalobo alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na chai ile ikapoa humo humo. Alikuwa akifanya jaribio la chemba tupu, kazi ya kila Jumatatu asubuhi ambayo aliifanya kama mtu anavyofagia uwanja wake. Unafunga kifuniko cha chemba, unawasha pampu, unaiacha inyonye hewa mpaka mshale wa geji ulale chini kabisa na chemba ibaki na ombwe tu. Kisha unauliza: nani yumo? Na Shahidi hujibu kwa sauti yake ile ya binti aliyelelewa vizuri, "Hakuna mtu." Ndivyo alivyojibu tangu mashine iletwe Tukuyu. Asubuhi hii akasema, "Lwitiko Mwambene. Chapa hafifu."

"Nani?" Subilaga akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Lwitiko Mwambene. Chapa hafifu."

Akageuka kutazama mlango. Hilo ndilo lililokuwa wazo la kwanza la kila mtu wa Tukuyu miaka hiyo: nani ameingia hapa? Nani amepumua mahali pasipomhusu?

Tangu wataalamu walipogundua kwamba kila mwili una chapa yake katika pumzi, na kwamba ukikaa na mtu ndani ya chumba kilichofungwa unaondoka na chapa yake mapafuni na kubaki nayo wiki nzima, dunia iligeuka. Hakukuwa tena na haja ya mtu kushika kitabu na kuapa. Ulipuliza ndani ya kopo, kopo likaunganishwa na chemba, na mashine ikawataja uliokaa nao. Wezi walikamatwa. Wazinzi walikamatwa. Na watu wengine wote wakajifunza kuishi na madirisha wazi. Sasa, Tukuyu ni mji ambao mvua haiji kutembea, imehamia. Baridi yake ya Juni huingia mpaka kwenye mifupa. Lakini watu walilala madirisha wazi hivyo hivyo, wakazungumza uani chini ya miavuli, na ukipishana mlangoni na mama aliyejifunika pua kwa khanga hukukasirika, kwa sababu nawe ulikuwa umefunika yako. Mgeni aliyefunga dirisha la nyumba ya watu alihesabiwa kuwa ana lake jambo.

Lwitiko Mwambene hakuwahi kukanyaga maabara ile. Alikuwa mahabusu Mbeya, amekiri kwamba alichoma ghala la mbegu la ushirika, na mlinzi akafia humo. Kilicholetwa Ijumaa ilikuwa pumzi yake tu, katika kopo lililofungwa kwa lakiri. Nusu yake ilisomwa mbele ya baraza la hukumu, kopo likafungwa upya kwa lakiri. Baada yake ikasomwa pumzi ya Tumpale Kibona, fundi cherehani wa stendi ya zamani, kwa kuwa kuna mtu alidai kuwaona wakiongea. Tumpale alisema hamjui Lwitiko hata kwa sura. Shahidi akasema amekaa naye. Jumatano baraza lingekutana tena, pumzi zisomwe mara ya pili kama sheria inavyotaka, kisha limsomee adhabu yake: miaka kumi katika Kambi ya Utengo, na mtoto wake anayenyonya apelekwe kwa ndugu.

Na sasa Lwitiko huyo huyo alikuwa ndani ya chemba tupu. Ama mtu alikuja mwishoni mwa wiki akalifungua kopo lake, ama... Subilaga hakuipata hiyo ama ya pili. Funguo za maabara zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa shingoni mwake. Wa pili alikuwa nao Daktari Ngabile.

2

Daktari Ngabile Mwandemele, mkuu wa maabara, alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, aliyeheshimiwa na mji mzima kwa sababu ya msiba wake. Miaka mitatu nyuma mwanawe wa pekee, Asangwisye, alikutwa ameuawa katika chumba alichopanga, na Shahidi ndiye aliyemtaja muuaji, kijana aitwaye Mwaseba. Tangu siku hiyo Daktari aliifuta mashine vumbi kwa leso yake mwenyewe. Subilaga alimpenda kama mama. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na kulikuwa na lile suala la pampu.

Mamlaka iliyosimamia mashine hizi ilikuwa imeziagiza maabara ndogo zichague: zibaki na pampu ya mafuta au zichukue pampu kavu. Pampu yao ya mafuta waliiita Bibi. Ilikuwa nzito, ilinguruma kama kinu cha kusaga, na ndani yake mabapa ya chuma yalizunguka yakiogelea katika mafuta huku yakiisukuma hewa ya chemba itoke nje. Bibi alitaka matunzo. Umwage mafuta yakishakuwa meusi, ukichungulie kioo chake kila asubuhi, umwache angurume peke yake kidogo na kijitundu cha hewa wazi ili ateme unyevu alioumeza. Lakini Bibi alikuwa msamehevu. Kikivunjika kitu, mafundi wa Mwanjelwa walikichonga kingine. Pampu kavu ilikuwa ndogo na haikuwa na tone la mafuta; misokoto miwili ya chuma ilizungukana bila kugusana, na mlio wake ulikuwa kama wa paka aliyeshiba. Ubaya wake, haikuvumilia vumbi, na sili zake, vipete vya kuzuia hewa isivuje, zikilika ungengoja mpaka zitoke ng'ambo.

Subilaga alitaka wazijaribu zote mbili ndipo wachague. Daktari aliisukuma ile kavu chini ya sinki, ndani ya boksi lake.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema. "Wajibu kwamba tunabaki na Bibi."

"Hatujaijaribu, Daktari."

"Ndiyo maana nasema wajibu."

Wakati ule Subilaga aliona ni ukaidi wa mtu mzima. Sasa aliona kingine. Mtu asiyetaka pampu ijaribiwe anaficha nini? Mwenye ufunguo, akijua kumwingiza mtu ndani ya chemba bila mtu huyo kuwepo, si anaweza kumfunga yeyote amtakaye? Alijiona mbaya kwa kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza.

Jioni ile kabla ya kufunga alinyunyiza unga wa sembe kizingitini na mbele ya chemba, kidogo tu, usioonekana ila kwa anayejua. Asubuhi ya Jumanne unga ulikuwa vile vile. Hata mende hakupita. Lakiri ya kopo la Lwitiko ilikuwa nzima. Akawasha Bibi, akangoja geji ilale, akauliza nani yumo.

"Lwitiko Mwambene. Tumpale Kibona. Chapa hafifu."

Hapo aliogopa kwelikweli. Jana mmoja, leo wawili, na hakuna mguu ulioingia. Mwingine angekimbia kumwita mchungaji. Subilaga alifunga mlango, akalitoa boksi chini ya sinki.

Alifanya kazi taratibu. Alifunga valvu ya mkono iliyo kati ya chemba na bomba, akaruhusu hewa iingie kwa Bibi, akamzima, akafungua kibano na kumtoa pamoja na bomba lake lote. Akaweka bomba jipya na pete mpya ya mpira, akaunganisha pampu kavu. Mshale ukashuka bila haraka.

"Nani yumo?"

"Hakuna mtu."

Akauliza tena. Hakuna mtu. Akamrudisha Bibi na bomba lake, akauliza, na binti yule akamtajia Lwitiko na Tumpale kwa adabu ile ile.

Basi akalichomoa tena bomba la Bibi na kuingiza kidole kwenye kiwiko chake, mahali panapopaswa kuwa pakavu daima. Kidole kilitoka kinang'aa mafuta.

Akaelewa kabla hajataka kuelewa. Pumzi inayonyonywa kutoka kwenye chemba hupita ndani ya mafuta, na mafuta huibakiza chapa kama nguo inavyobakiza moshi wa jikoni. Pampu ikiwa inavuta hakuna neno. Lakini ukiizima ghafla wakati chemba bado ina ombwe, ombwe halina adabu, linavuta kutoka popote. Mafuta na mvuke wake hupanda bomba na kurudi ilikotoka hewa, pamoja na kila yalichokibakiza. Kwa sababu hiyo Bibi alikuwa na valvu ya ndani, ya kujifunga yenyewe anapozimwa. Subilaga akafungua kifuniko kuitazama. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka kama ukoko wa chini ya sufuria.

Hakuna aliyeingia. Hakuna aliyeiba. Miaka yote mafuta yalipanda kidogo; sasa yalikuwa yamejaa bombani na kuzidi, ndiyo maana jana alitajwa mmoja na leo wawili. Mafuta yalikuwa yanakumbuka.

Lakini Bibi alizimwa lini ghafla? Jioni walimzima kwa utaratibu, valvu ya mkono ikifungwa kwanza. Ndipo akasikia kichwani sauti ya mwenyekiti wa baraza, Mwalimu Mwaisaka: "Zimeni hicho kinu, tuombe."

Mabaraza mengine husali mwanzoni. Tukuyu, Mwalimu alisema mtuhumiwa apewe nafasi ya kutubu kabla hajasomwa, na watu wakaona ni huruma kubwa, wakaisifu. Kwa hiyo sala iliwekwa katikati: inasomwa pumzi ya mkosaji anayejulikana, watu wanainamisha vichwa, kisha inasomwa ya mtuhumiwa. Valvu ya mkono ilihitaji kuzungushwa mara nyingi, nayo ililia kama bawaba ya kanisa. Nani atazungusha kitu cha namna hiyo watu wakiwa wameshafumba macho? Subilaga alikuwa akibonyeza swichi tu ukutani, kwa heshima, akiamini valvu ya ndani itafanya kazi yake. Kila kikao. Mkono wake mwenyewe.

Na hapo Anyosisye akaja, mumewe wa zamani, akasimama mbele ya macho yake kama alivyosimama barazani mwaka juzi. Watu walinong'ona kwamba anakaa na Mama Sekela, muuza ngano. Akasomwa Mama Sekela. Wakasali. Akasomwa Anyosisye. Mumewe alimgeukia yeye, si baraza, akasema, "Sikukaa naye, Subi." Naye akajibu mbele ya watu wote, "Shahidi hasemi uongo."

Subilaga aliketi sakafuni, juu ya unga wake, akalia.

3

Daktari Ngabile alimkuta hapo hapo. Alisimama mlangoni, akatazama unga, kisha kiatu chake kilichoacha alama.

"Unga wa nini?"

"Wa kukunasa wewe, Daktari. Unisamehe."

Ngabile akaiona pampu kavu juu ya meza, bomba la Bibi limelazwa kando yake. Hakuuliza kinachoendelea. Kwa kutouliza huko Subilaga akajua.

"Ulijua."

"Nilishuku. Kushuku si kujua."

"Tangu lini?"

"Nililiona bomba lina mafuta mwaka juzi, wakati wa masika." Alivuta kiti, akakaa mbali, karibu na dirisha, kama watu walivyokaa. "Nikalipangusa. Nikajiambia ni unyevu."

"Kesho Tumpale anapelekwa Utengo, Daktari. Ana mtoto anayenyonya."

"Na kama kweli alikaa na Lwitiko?"

"Hatujui! Hilo ndilo ninalolilia, hatujui."

Mvua ikaingia kidogo dirishani ikamlowesha Ngabile bega. Hakusogea.

"Sikiliza, mwanangu. Ukisimama kesho ukasema Bibi anakumbuka, hutamtoa Tumpale peke yake. Utafungua kila hukumu. Mwizi wa kweli atasema ni pampu. Mbakaji atasema ni pampu. Na Mwaseba atatoka. Unakumbuka tulivyomsoma? Tulisoma kwanza mto aliolalia Asangwisye, ili tupate chapa yake. Tukasali. Kisha tukamsoma Mwaseba."

"Basi huenda hakumuua."

"Huenda alimuua."

"Huenda aliyemuua anakusalimia sokoni kila Jumamosi."

"Nyamaza!" Ngabile hakuwahi kupaza sauti ndani ya maabara ile, hata mwenyewe alishtuka. Aliposema tena alisema polepole. "Unafikiri sijaliwaza hilo? Nina mtu mmoja wa kumchukia, yuko nyuma ya ukuta, na kwa sababu hiyo naweza kula na kulala. Mkimtoa nitawachukia wote. Kila atakayenipa pole nitamtazama mikono."

Subilaga alimhurumia. Lakini kulikuwa na swali lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki, na hakuweza kulimeza.

"Lile bomba, ulilipangusa kabla ya Anyosisye kusomwa, au baada?"

Ngabile alitazama nje, kwenye migomba iliyolowa.

"Kabla," akasema. "Nilitaka kukuambia. Nikaja mpaka kwako siku ya pili baada ya kusomwa kwake. Nikakuta umeshafungasha vyombo, umekaza uso kama mtu aliyekwisha kupona. Nikaona nitakufungulia kidonda."

"Kilikuwa changu."

"Ndiyo. Kilikuwa chako."

Mwishowe Daktari akainuka. Alisema kwamba sheria inamtaka mkuu wa maabara athibitishe kila usomaji ndipo uwe ushahidi, na kwamba kesho atathibitisha kama alivyothibitisha siku zote. Akamshauri Subilaga akae kitako usiku huo afikirie ni watu wangapi watalala bila usingizi kwa ajili ya mmoja. Alipotoka aliikwepa alama ya kiatu chake mwenyewe.

Na Subilaga alifikiri kweli. Akisema kwa mdomo tu, nani atamwamini? Mwanamke aliyeachana na mumewe kwa neno la Shahidi, leo anamkana Shahidi. Watasema anamtaka mume arudi. Lisemwalo lipo, wangesema, na kama halipo laja. Mji ule haukujua tena kumsikiliza mtu. Ulijua kuisikiliza mashine.

Basi ngoja mashine yenyewe iseme. Akamrudisha Bibi mahali pake, akakaza kibano.

4

Barazani madirisha yote yalikuwa wazi na watu wamejitanda mablanketi. Tumpale alikaa mbele, mtoto ameshikwa na mama yake mdogo nyuma, na kila mtoto alipolia matiti ya Tumpale yalilowesha blauzi yake. Akayaziba kwa viganja, akiona haya mbele ya watu. Mwalimu Mwaisaka alikuwa mwalimu mkuu zamani, na hata sasa alilitazama baraza kama darasa lililochelewa kunyamaza.

Lakiri ya kopo la Lwitiko ilikatwa. Bibi alinguruma, geji ikalala, Shahidi akataja jina. Daktari Ngabile, aliyekaa kulia kwa mwenyekiti, akasema, "Nathibitisha."

"Zimeni hicho kinu, tuombe," akasema Mwalimu.

Subilaga akabonyeza swichi. Kimya kilipoingia, watu wakainamisha vichwa, yeye akaendelea kutazama bomba. Halikuonyesha kitu chochote. Miaka yote lilikuwa limefanya kazi yake bila kuonyesha kitu.

"Amina."

Akawasha Bibi. Mwalimu akamwita Tumpale asogee apulize. Ndipo Subilaga akasema, "Mwenyekiti, ninaomba haki ya pumzi. Nisomwe mimi kwanza."

Minong'ono ikapita. Sheria ilimruhusu yeyote aliyepo kuomba kusomwa, lakini hakuna mwenye akili aliyewahi kuomba. Mwalimu alivua miwani.

"Wewe? Una nini na kesi hii?"

"Sina kitu. Sijawahi kumwona Lwitiko Mwambene. Hajawahi kufika hapa, nami tangu Krismasi sijatoka Tukuyu. Daktari ananijua. Ninyi nyote mnanijua."

"Subilaga," Ngabile akaita, kwa sauti ya chini. "Usifanye hivyo, mwanangu."

Subilaga alikwisha kupuliza. Alilibana kopo kwenye chemba, mshale ukalala, na moyo wake ukapiga kwa nguvu hata akadhani ni Bibi. Kama alikosea, Tumpale ameangamia. Kama hakukosea, ameangamia yeye.

"Nani yumo?"

"Subilaga Mwakalobo," akasema Shahidi. "Ngabile Mwandemele. Chapa hafifu. Lwitiko Mwambene. Chapa ya wastani."

Benchi la nyuma yake lilikwaruza sakafu. Hakuhitaji kugeuka, alijua watu wanasogea, khanga zinapanda puani. Mama aliyemuuzia maziwa jana alikuwa amejiziba kwa mikono miwili. Tumpale peke yake ndiye aliyemtazama bila kujifunika, kinywa wazi, kama mtu aliyesikia kilio chake kikitoka kwa mwingine.

"Ulikaa naye wapi?" Mwalimu akauliza, na swali lile halikuwa swali.

"Sikukaa naye."

"Shahidi hasemi uongo."

"Nami nilisema hivyo hivyo, Mwenyekiti. Hapa hapa. Kwa mume wangu."

Mwalimu alikuwa na haraka ya kumaliza jambo lililoanza kumtoka mikononi. Akamgeukia mkuu wa maabara. "Daktari. Unathibitisha?"

Mikono ya Ngabile ilikuwa juu ya meza, mmoja unakunja leso, mwingine unaikunjua. Neno lilikuwa moja tu. Alikwisha kulisema mara nyingi hata lilimtoka kama salamu. Akilisema, Subilaga na Tumpale wataondoka katika gari moja, Mwaseba atabaki nyuma ya ukuta wake, na yeye atakula na kulala. Subilaga alimtazama na kuona kwamba hajui atasema nini, kwamba na Daktari mwenyewe hajui.

"Daktari Mwandemele?"

"Sithibitishi."

"Husikiki."

"Sithibitishi!" Alisimama. "Hajakaa naye. Pampu ndiyo iliyokaa naye. Tukiizima kwa ajili ya sala, mafuta yanarudisha waliotangulia. Pampu nyingine ipo maabara, chini ya sinki. Niliificha mimi. Waiteni wataalamu wa Mamlaka, watawaonyesha."

"Unajua unachokisema?" Mwalimu akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya darasani. "Mama, na Mwaseba je?"

"Najua," akasema Ngabile. "Nimejua siku nyingi."

Hukumu ya Tumpale ikasimamishwa mpaka asomwe upya kwa pampu kavu. Hakuuliza maana yake. Alimnyakua mtoto, akamnyonyesha pale pale mbele ya baraza, amewapa watu mgongo. Wengine walipiga kelele, wengine wakadai ndugu zao watolewe leo leo, na mzee mmoja akauliza kwa hasira kama sasa watu wataanza tena kuapa kwa midomo. Subilaga alimtafuta Daktari. Alimwona akitoka polepole katikati ya umati, watu wakimpisha, wakimpa pole na hongera kwa pamoja, kwa kuwa hawakujua kipi kinafaa. Yeye aliitikia kila mmoja, akimtazama mikono.

5

Anyosisye alikuwa na tanuri la mikate njia ya kwenda Katumba. Habari zilikuwa zimemfikia. Tukuyu habari hazihitaji viatu. Subilaga alimkuta ameinama juu ya beseni la unga aliokanda, amelifunika blanketi kama mgonjwa, na dirisha liko wazi, ukungu unaingia.

"Haujaumuka," akasema bila salamu. "Baridi hii. Kila siku nusu ya mikate inatoka mawe."

"Habari za hapa, Anyosi."

"Nzuri. Karibu. Simama hapo hapo, kuna upepo."

Akasimama mlangoni. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi, na yote yalikuwa yamemkimbia. Akamweleza habari ya valvu, ya mafuta, ya sala. Anyosisye alisikiliza akijifuta vidole kimoja kimoja kwa aproni. Alikuwa amekonda, na masikio yake, ambayo zamani Subilaga aliyatania, yalionekana makubwa zaidi.

"Kwa hiyo umekuja kunitaka radhi," akasema.

"Ndiyo. Nimekukosea. Nimekukosea sana."

"Umejuaje kwamba umenikosea?"

"Si nimekueleza? Pampu kavu ilipo..."

"Aa." Akacheka kidogo, pasipo furaha. "Mashine ya kwanza ilisema nilikaa naye, ukaondoka. Mashine ya pili inasema ya kwanza ni mbovu, umerudi. Ya tatu ikija Subi, nitakuona tena wapi?"

Lililomuuma zaidi Subilaga ni kwamba Anyosisye alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Pampu kavu haikusema kwamba Anyosisye hakukaa na yule mwanamke. Ilisema tu kwamba hakuna ajuaye. Kila baya alilolishuku mwaka juzi bado lingeweza kuwa kweli. Chapa ya wiki ile ilikwisha kutoka mapafuni mwake zamani, na hakuna pampu chini ya jua ambayo ingeirudisha isomwe.

"Mwaka juzi," Anyosisye akasema, "uliniambia Shahidi hasemi uongo. Nikarudi nyumbani nikakungoja. Nikajua utafungasha, sawa. Lakini nilidhani kabla ya kutoka utaniuliza. Hukuniuliza hata mara moja."

Alikumbuka. Alikumbuka masufuria, kamba, pikipiki iliyokuja kuchukua godoro, na jinsi alivyopita mbele yake mara nyingi bila kumwuliza, kwa sababu alikwisha kujibiwa.

"Ulikaa naye, Anyosi?"

Alimtazama usoni alipouliza, nyusi zile, na kovu la tanuri shavuni, macho yaliyochoka na moshi.

"Hapana," akasema.

Subilaga alingoja kidogo, kwa mazoea tu, kana kwamba kuna sauti nyingine itakayofuata. Hakuna iliyofuata. Kulikuwa na mvua, na unga uliokataa kuumuka, na mtu aliyesema hapana.

Akavua viatu, akaingia ndani, akafunga dirisha.